Toleo Lingoje Kipengele, au Kipengele Kingoje Toleo?

Liko swali moja ambalo wanafunzi wa kompyuta huniuliza kila mwaka, na baadhi ya wazazi wamepata kuniuliza pia siku za kufunga shule. Husema hivi: "Mwalimu, watu hawa wa programu huria wametangaza toleo jipya, na katika tangazo lao wenyewe wameandika kwamba jambo tulilokuwa tukilitazamia halimo, litakuja katika toleo lijalo. Kwa nini wasingengoja kidogo wakalimaliza, ndipo watoe?"

Swali hili ni zuri, na mtu aliulizaye haoni haya kuonyesha kwamba amefikiri. Wengi hudhani kwamba jibu lake ni uvivu, au ni haraka ya watu wanaotaka kusifiwa. Mimi nataka kuonyesha katika makala haya kwamba sivyo. Wazee wetu walituachia methali mbili. Moja yasema, "Haraka haraka haina baraka." Ya pili yasema, "Ngoja ngoja huumiza matumbo." Mtu asiyefikiri husema kwamba methali hizi zapingana. Mwenye kufikiri huuliza: Ni wapi mahali pa hii, na ni wapi mahali pa ile? Hilo ndilo somo letu la leo.

1. MAANA YA MANENO

Kwanza tuelewane juu ya maneno. Programu huria ni programu ya kompyuta ambayo maandishi yake ya asili yamewekwa wazi, kila mtu apate kuyasoma, kuyatumia, kuyabadili na kuyagawa kwa masharti yaliyoandikwa katika leseni yake. Linux ni mojawapo. Toleo ni ile hali ya programu ambayo watengenezaji wameipima, wakaipa namba, wakawaambia watu, "Haya, chukueni mtumie." Kipengele ni jambo moja ambalo programu yaweza kulifanya, kama vile kupanga majina kwa alfabeti. Hitilafu ni kosa ndani ya programu.

Ziko njia mbili za kuamua siku ya kutoa toleo. Njia ya kwanza ni kuandika orodha ya vipengele, na kutoa toleo siku ile orodha itakapokwisha. Njia ya pili ni kuweka tarehe katika kalenda, na kutoa siku hiyo kile kilicho tayari. Kisicho tayari hubaki nyuma.

Kuna jambo jingine la kukumbuka. Katika kiwanda, meneja aweza kumwambia fundi, "Kazi hii nataka Ijumaa." Katika programu huria mara nyingi hawezi. Waandishi wake wengi hujitolea, na wengine hulipwa na makampuni mbalimbali yasiyo chini ya mtu mmoja. Wako katika nchi nyingi, na wengine hawajapata kuonana uso kwa uso. Kiongozi wao hana fimbo wala mshahara wa kukata. Kitu alicho nacho mkononi ni mlango tu: aweza kusema mlango utafungwa lini, na nini kiingie.

2. JINSI KUNGOJA KUNAVYOZAA KUNGOJA

Hapo zamani karibu kila mradi ulifuata njia ya kwanza, nayo yaonekana kuwa ya busara. Hebu tutazame yaliyotokea.

Linux ilianzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, aliyekuwa mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki huko Ufini. Toleo la 2.4 la kiini cha Linux lilitoka Januari 2001. Toleo kubwa lililofuata, la 2.6, halikutoka mpaka Desemba 2003. Ni karibu miaka mitatu. Katika muda huo vipengele vipya vilikuwa vikikusanywa katika toleo la majaribio, ambalo watu wa kawaida hawakushauriwa kulitumia. Lakini wateja wa makampuni yaliyogawa Linux walivihitaji. Basi makampuni hayo yakachukua vipande kutoka toleo la majaribio na kuvishonea katika toleo la zamani, kila kampuni kwa namna yake. Matokeo yake ni kwamba Linux ya huyu haikuwa sawa na Linux ya yule, na kazi ya kushona ilifanywa mara nyingi na watu wengi mahali pa mara moja.

Mfano wa pili ni Debian, mradi ulioanzishwa na Ian Murdock mwaka 1993. Watu wa Debian walijulikana kwa neno lao kwamba toleo hutoka likiwa tayari. Toleo la 3.0 lilitoka Julai 2002. Toleo la 3.1 likaja Juni 2005, tena karibu miaka mitatu. Sababu moja ya kukawia ilikuwa programu mpya ya kusimika mfumo katika kompyuta, ambayo iliandikwa upya. Wakati kitu hiki kimoja kinangojwa, maelfu ya programu nyingine zilizokuwa tayari zilikaa pamoja nacho, zikizeeka.

Kwa nini basi kungoja huzaa kungoja? Nadhani mfano wa pwani yetu utatusaidia. Zamani majahazi ya Arabuni na Bara Hindi yalikuja huku kwa upepo wa kaskazi, yakarudi kwao kwa kusi. Mfanyabiashara aliyekosa chombo cha msimu huu alikaa mpaka msimu ujao. Hebu mfikirie mtu ambaye boriti zake hazijafika pwani. Atamsihi nahodha, "Ningoje siku mbili tu, nisije nikapoteza mwaka mzima." Na katika zile siku mbili atatokea mwingine na magunia yake, aseme, "Kwa kuwa umemngoja yule, ningoje na mimi siku tatu." Maombi yao yote ni ya haki, kwa sababu hasara ya kuachwa ni kubwa. Lakini nahodha akiwasikiliza wote, upepo utampita.

Sasa mtazame abiria wa pantoni la Kigamboni. Akilikosa atasikitika kidogo, kisha atangoje safari ifuatayo. Hatamshika nahodha nguo. Abiria huyu hana moyo mwema kuliko yule mfanyabiashara. Tofauti ni kwamba yeye ajua chombo kingine chaja, na chaja karibu.

Hapa ndipo penye kiini cha somo letu, nami naomba mwanafunzi apashike vema. Kipengele kinachokosekana huumiza kwa kadiri ya urefu wa kungoja toleo lijalo, na huumiza zaidi ikiwa hakuna ajuaye siku yake. Tarehe ikiwa haijulikani, kila mwandishi husukuma kazi yake iingie hata ikiwa mbichi, maana haoni nafasi nyingine. Kazi mbichi huleta hitilafu. Hitilafu hukawiza toleo. Toleo likikawia, wengine huleta kazi nyingine mbichi. Ndiyo maana nasema kwamba kungoja kikamilike kila kitu kwaweza kuleta toleo lililochelewa na bovu pia.

3. NJIA YA KALENDA

Mradi wa GNOME, unaotengeneza sura ya mezani ya kompyuta za Linux, ulikuwa miongoni mwa wa kwanza kubadili mwendo. Baada ya toleo la 2.0 la Juni 2002 ulishika desturi ya kutoa toleo kila miezi sita. Mwezi wa Oktoba 2004 likatoka toleo la kwanza la Ubuntu, mfumo uliojengwa juu ya Debian kwa juhudi ya Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini. Jina lake ni neno la lugha za kusini ambalo ni ndugu wa neno letu "utu". Ubuntu nayo hutoa toleo kila Aprili na Oktoba, na namba ya toleo ni mwaka na mwezi wake: 4.10 ni Oktoba 2004.

Linux yenyewe ilijifunza. Tangu mwaka 2005 kazi yake huenda hivi. Toleo moja likiisha kutoka, mlango hufunguliwa kwa majuma mawili, na mabadiliko yaliyo tayari huingizwa. Kisha mlango hufungwa, na kutoka hapo husahihishwa makosa tu. Karibu kila Jumapili hutolewa toleo la kujaribia, mpaka la saba au la nane, ndipo toleo lenyewe hutoka. Muda wote ni majuma 9 au 10, na katika muda huo kwa kawaida huingia mabadiliko zaidi ya 10,000. Aliyekuta mlango umefungwa hurudi nyumbani akaendelea kupiga randa kazi yake, akijua kwamba baada ya miezi miwili hivi mlango utafunguliwa tena.

Mwanafunzi mwerevu atauliza: "Je, yawezekanaje kukusanya mabadiliko 10,000 kwa majuma mawili bila fujo?" Jibu ni kwamba kazi haianzi siku mlango ufunguliwapo. Huwa imekwisha kuandikwa, kusomwa na wengine, na kujaribiwa pamoja na kazi za wenzao. Tangu mwaka 2008 iko akiba maalum ambamo mabadiliko yanayokusudiwa kwa toleo lijalo huchanganywa kwanza, ili ionekane kama yanagongana. Mlango ni wa kupokea vilivyoiva. Jiko liko kwingine.

4. MFANO WA KIPENGELE KILICHOACHWA

Sasa tuchukue mfano mmoja tuuchambue polepole. PostgreSQL ni programu huria ya hifadhidata, yaani ya kutunza habari nyingi kwa mpango. Toleo lake kubwa hutoka mara moja kwa mwaka, kwa kawaida Septemba au Oktoba, na kila toleo hutunzwa kwa miaka 5.

Watumiaji wake walitaka kwa muda mrefu amri iitwayo MERGE. Nitaeleza kazi yake kwa daftari la alama. Tuseme mwalimu anayo orodha ya wanafunzi katika hifadhidata, na ameletewa orodha mpya ya alama. Ataka hivi: kama jina limo, alama zake zisahihishwe, kama jina halimo, liongezwe. Kwa amri ya MERGE haya yote husemwa mara moja. Ni jambo la kufaa sana, na programu nyingine za hifadhidata zilikuwa nalo. Lakini ugumu wake ni mkubwa kuliko uonekanavyo, kwa sababu walimu wawili waweza kuandika kwa dakika ile ile, na hifadhidata lazima iamue kwa haki bila kupoteza alama ya mtoto yeyote.

Mwezi wa Aprili 2018, siku chache kabla ya mlango wa toleo la 11 kufungwa, amri ya MERGE iliingizwa. Wasomaji wengine wa kazi ile wakatoa hoja kwamba jinsi ilivyojengwa ndani si sawa, na kwamba muda wa kuirekebisha hautoshi. Kulikuwa na njia tatu: kuitoa hivyo ilivyo, kuchelewesha toleo zima, au kuiondoa. Kabla mwezi haujaisha ikaondolewa. Toleo la 11 likatoka Oktoba 2018 bila MERGE, likiwa na vipengele vingine vingi vilivyokuwa tayari.

Je, aliyetaka MERGE alingoja mwaka mmoja? La. Alingoja minne. Kazi ilishikwa upya, na amri ile ikatoka katika toleo la 15, Oktoba 2022. Nataja jambo hili kwa makusudi, maana si haki kusifu njia ya kalenda na kuficha gharama yake. Aliyekuwa ameifanyia kazi kwa miezi mingi aliiona ikitolewa nje. Aliyeitazamia aliendelea kungoja. Lakini tazama upande wa pili wa mizani. Katika miaka ile minne yalitoka matoleo ya 11, 12, 13 na 14, kila moja kwa wakati wake, na kila moja likawafaa watu. Kama toleo la 11 lingaliingoja MERGE, yote hayo yangalifungiwa nyuma yake.

Tena katika toleo lile lile la 15 yalitokea mengine. Vipengele kadhaa vya kushughulikia habari za mtindo wa JSON viliondolewa mwanzoni mwa Septemba 2022, toleo likiwa katika majaribio ya mwisho, kwa kuwa vilionekana havijawa imara. Baadhi yake vilitoka katika toleo la 16 mwaka 2023, na vingine katika toleo la 17 mwaka 2024. Hifadhidata ni kama ghala. Mlango wa ghala usiofungika vizuri ni hatari kuliko ghala lisilo na rafu mpya.

5. AHADI YA KITU NA AHADI YA SIKU

Historia ya lugha ya Java yatufundisha jambo la ziada. Toleo la 6 lilitoka Desemba 2006. Kufikia mwaka 2010 toleo la 7 lilikuwa limekawia sana. Wakuu wa mradi wakaweka mbele ya watu shauri mbili: kungoja mpaka kati ya mwaka 2012 na kutoa kila kitu, au kutoa mwaka 2011 vilivyo tayari na kuacha vipengele viwili vikubwa vije katika toleo la 8 mwishoni mwa 2012. Shauri la pili likakubaliwa, na toleo la 7 likatoka Julai 2011.

Lakini angalia: bado toleo la 8 lilikuwa limefungwa kwa vipengele vyake. Basi halikutoka 2012, bali Machi 2014, na kimoja cha vile viwili kilikuwa kimeachwa tena. Hicho kilitoka katika toleo la 9, Septemba 2017. Kuanzia Machi 2018 Java ilishika kalenda ya miezi sita. Kipengele kipya chaweza kuonjeshwa kwanza katika toleo moja au mawili, watu wakatoa maoni, ndipo kikathibitishwa.

Funzo lake ni hili. Mtu aweza kuahidi kitu, au aweza kuahidi siku. Kuahidi vyote viwili pamoja, katika kazi ambayo ugumu wake haujulikani mpaka uingie ndani, ni kujitia deni ambalo huna hakika ya kulilipa. Mwenye busara huahidi kimoja, na kingine hukisema kwa "tukijaliwa".

6. MASHARTI YAKE

Njia ya kalenda haifai kila mahali. Martin Michlmayr, aliyepata kuwa kiongozi wa Debian, aliandika tasnifu juu ya jambo hili katika Chuo Kikuu cha Cambridge mwaka 2007, akichunguza miradi kama Debian, GNOME na Linux. Kwa jinsi nionavyo mimi, masharti makubwa ni manne.

Kwanza, sehemu za programu ziwe zaachana, hata moja ikitolewa nyingine zisianguke. Vyumba vya nyumba vikiwa vyategemea nguzo moja, huwezi kuiacha nguzo hiyo kwa safari ijayo.

Pili, maandishi makuu yawe katika hali njema siku zote, si siku ya mwisho tu. Mwanafunzi asomaye kila jioni haogopi tarehe ya mtihani kama yule anayekesha usiku mmoja.

Tatu, safari ijayo iwe karibu na iwe ya hakika. Tarehe ikivunjwa ovyo mara mbili tatu, watu huacha kuiamini, na ile misukumano ya pwani hurudi.

Nne, awepo mtu au baraza lenye uwezo wa kusema "la". Kukataa kazi ya mtu aliyejitolea ni jambo zito, na hapana budi lifanywe kwa adabu na kwa sababu zilizo wazi, ama sivyo mtu huyo hatarudi.

Tena iko siku ambayo tarehe yenyewe hupaswa kusogea. Toleo la Ubuntu lililotazamiwa Aprili 2006 lilisogezwa mbele majuma sita likatoka Juni, kwa sababu lilikuwa la kwanza la kutunzwa kwa muda mrefu, nalo lilihitaji kupimwa na kusafishwa zaidi. Toleo la 9.5 la PostgreSQL lilivuka mwaka likatoka Januari 2016, kwa kuwa sehemu kubwa ya mwaka 2015 ilitumika kusahihisha makosa yaliyoingia tangu toleo la 9.3, makosa ambayo yaliweza kupoteza habari za watu. Tofauti yaonekana wazi. Kipengele kisichokuwamo si sababu ya kuvunja tarehe, maana jana pia hakikuwamo na watu waliishi. Lakini kuharibika kwa kile ambacho watu wanacho tayari ni sababu ya kutosha.

Na kipengele kikubwa sana kifanyweje? GNOME walionyesha njia. Toleo la 3.0 lilitazamiwa Machi 2010, halikuwa tayari. Likasogezwa mpaka Septemba 2010, halikuwa tayari. Lakini kalenda haikusimama. Machi lilitoka toleo la 2.30 na Septemba la 2.32, na kazi kubwa ikaendelea pembeni mpaka ikatoka Aprili 2011.

Debian nao walipata njia ya katikati. Mwaka 2009 walitangaza kwamba siku ya kufunga mlango itawekwa kwa kalenda, lakini siku ya kutoa itangoje hitilafu kubwa ziishe. Tangu hapo matoleo yao yametoka mwaka 2011, 2013, 2015, 2017, 2019, 2021, 2023 na 2025. Kwa hiyo wanaheshimu methali zote mbili: mlango wafungwa bila ngoja ngoja, na toleo latoka bila haraka haraka.

7. UCHOVU WA ANAYETUMIA

Liko lalamiko moja la haki. Mwenye kutengeneza hupenda matoleo ya mara kwa mara, lakini mwenye kutunza kompyuta 40 za shule huchoka kubadili. Kivinjari cha Firefox kilipoanza mwaka 2011 kutoa toleo kila majuma sita, maofisi na mashule yalilalamika kwamba hayawezi kufuata mwendo ule. Januari 2012 likatolewa toleo maalum la kudumu kwa ajili yao, ambalo hupokea masahihisho ya usalama bila kubadilishwa sura kila mara. Vivyo hivyo Ubuntu hutoa toleo la kudumu kila miaka miwili, mwezi wa Aprili, na kulitunza kwa miaka 5.

Hapa jambo hili latugusa sisi. Shule isiyo na fedha nyingi na yenye intaneti ya kusuasua haina haja ya kukimbilia kila jipya. Ichague toleo la kudumu, iandike ukutani mwezi ambao utunzaji wake utakwisha, na ipange kubadili katika likizo ya Desemba kabla mwezi huo haujafika. Toleo lililokwisha kutunzwa ni hatari, maana matundu yake ya usalama hayazibwi tena. Tarehe zinazojulikana ndizo zituwezeshazo kupanga. Mradi usio na kalenda humwacha mwalimu mkuu akibahatisha.

Latugusa pia kwa lugha yetu. Mwaka 2004 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam pamoja na wenzao wa Sweden walitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mtafsiri wa programu huhitaji kujua ni siku gani maneno ya Kiingereza yataacha kubadilishwa, naye apate majuma kadhaa ya kutafsiri na kusahihisha. Mradi unaongeza vipengele mpaka usiku wa mwisho humpa mtafsiri maneno mapya usiku huo huo, na Kiswahili hutoka nusu. Kwa hiyo kijana anayetaka kuitumikia lugha yake kwa njia hii, na achague mradi wenye mlango unaofungwa.

Basi, ewe mwanafunzi, ukisoma tena tangazo lisemalo kwamba kipengele fulani hakimo, usiseme upesi kwamba ni uvivu. Uliza maswali mawili: Je, vilivyomo ni imara? Je, toleo lijalo lina tarehe, na tarehe zao zilizopita walizitimiza? Majibu yakiwa ndiyo na ndiyo, ngoja kwa moyo mkunjufu. Jibu la pili likiwa la, hapo una haki ya kunung'unika.

MASWALI YA KUJIZOEZA

1. Eleza kwa maneno yako kwa nini mfanyabiashara wa jahazi humsihi nahodha, na abiria wa pantoni hamsihi.

2. MERGE ilicheleweshwa miaka minne. Je, waliofanya uamuzi wa 2018 walifanya vema? Toa hoja za pande zote mbili kabla ya kutoa yako.

3. Taja sababu moja ambayo ingekufanya usogeze tarehe ya toleo, na sababu moja ambayo usingeikubali. Tofauti yake ni nini?

4. Mradi una waandishi watatu tu, na sehemu zake zote zategemeana. Je, ungewashauri kufuata kalenda ya miezi sita? Tumia yale masharti manne.

5. Kompyuta za shule fulani zina toleo ambalo utunzaji wake utakwisha Aprili mwakani. Mwandikie mkuu wa shule barua fupi ya kumshauri la kufanya, na lini.